Betri ya moyo yajulikana, waya wake wasahaulika

MALORI yanayobeba shaba na kobalti kutoka Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huingia nchini kupitia mpaka wa Tunduma, yakapita Mbeya, Makambako na Mafinga, kisha yakateremka Ipogolo, chini ya mji wa Iringa, kabla ya kuanza safari ya kuelekea mlima Kitonga na hatimaye Bandari ya Dar es Salaam. Mkazi wa Mlandege, mojawapo ya kata za Manispaa ya Iringa, hana haja ya kusimuliwa habari za malori hayo. Huyaona kila anaposafiri, na akiwa na haraka huyalaani, hasa pale moja linapokwama Kitonga na kufunga njia kwa saa kadhaa.

Wasilolifahamu wengi ni kwamba sehemu ndogo mno ya madini ya aina hiyo hurejea Afrika ikiwa katika umbo jingine kabisa. Hurejea ikiwa ni uzi wa chuma mwembamba sana, uliosokotwa mfano wa springi na kuvikwa ala ya plastiki maalumu, ambao daktari huupenyeza katika mshipa wa damu chini ya mtulinga hadi ndani ya chumba cha moyo. Mgonjwa wa Iringa anayehitaji waya huo kwa kawaida huufuata kwa basi, akitumia barabara ile ile ya malori, mwendo wa takriban kilometa 500 hadi Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza kujitegemea mwaka 2015, imeifanya huduma hiyo kuwa ya kawaida. Kabla ya hapo wagonjwa wengi wa aina hiyo walipelekwa India, na wasio na wa kuwapeleka walibaki nyumbani.

Kifaa chenyewe mitaani kinaitwa "betri ya moyo". Jina hilo limezoeleka na halina ubaya, ila linaficha nusu ya habari. Kwa kulisikia, mtu huamini kwamba anachopewa mgonjwa ni betri, na kwamba betri ikiisha huwekwa nyingine, basi. Magazeti nayo yameandika mengi kuhusu idadi ya waliowekewa betri, madaktari waliohusika na fedha zilizookolewa kwa kutokwenda nje. Kuhusu waya, ambao ndio unaougusa moyo, yameandika machache.

Betri pamoja na mitambo yake midogo ya elektroniki hukaa ndani ya kasha la titaniamu lenye ukubwa unaokaribia wa saa ya mfukoni, na kasha hilo huwekwa chini ya ngozi ya kifua. Baada ya miaka kadiri ya kumi, daktari hupasua ngozi, akalitoa kasha la zamani na kuliunganisha jipya na waya uliopo. Ni upasuaji mdogo. Waya wenyewe haubadilishwi kwa urahisi namna hiyo. Ukishakaa miaka michache ndani ya mshipa, nyama huota kuuzunguka na kuushika, na kuung'oa ni kazi ya wataalamu wachache, yenye hatari ya kuchana mshipa au ukuta wa moyo. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kubadilishiwa betri mara mbili au tatu katika maisha yake huku akiendelea kuutegemea waya mmoja.

Uzi unaoinama mara milioni 36 kwa mwaka

Fundi yeyote wa pikipiki anajua waya wa klachi hukatikia wapi. Haukatikii katikati, bali pale unapoinama kila siku, karibu na mkono wa klachi. Tena haukatiki kwa mara moja. Nyuzi zake huanza kukatika moja moja, dereva akihisi klachi inakuwa nzito bila kujua sababu, mpaka siku unapoachia akiwa mlimani. Hakuna aliyeuvuta kwa nguvu kupita kiasi. Umechoka.

Waya wa moyo una tatizo hilo hilo, isipokuwa dereva hawezi kusimama kando ya barabara kuutengeneza. Moyo unaopiga mara 70 kwa dakika hupiga mara 100,800 kwa siku, na zaidi ya mara milioni 36 kwa mwaka. Kila pigo huuinamisha waya kidogo. Mgonjwa aliyewekewa akiwa na miaka 50, akajaliwa kufika 75, waya wake utakuwa umeinama zaidi ya mara milioni 900. Juu ya hayo kuna mkono: waya hupita karibu na pembe iliyo kati ya mtulinga na ubavu wa kwanza, na kila mkono unapoinuliwa, mifupa hiyo miwili huweza kuubana. Kwa mtu anayefanya kazi za ofisini hilo ni jambo dogo. Kwa mkulima wa jembe la mkono au mpasua kuni, haliwezi kuwa dogo kiasi hicho, na vitabu vingi vya mafunzo havikuandikwa kwa kumfikiria mkulima huyo.

Historia ya kifaa hiki kwa sehemu kubwa ni historia ya kupambana na uchovu huo. Oktoba 8, 1958, katika hospitali ya Karolinska, Stockholm, daktari bingwa Åke Senning alimwekea Arne Larsson kifaa cha kwanza cha aina hiyo kupandikizwa mwilini, kilichobuniwa na mhandisi Rune Elmqvist. Kifaa kile kilidumu saa chache tu, kikabadilishwa. Larsson aliishi hadi mwaka 2001, akafariki akiwa na miaka 86, baada ya kutumia vifaa zaidi ya 20 katika maisha yake. Katika miaka ile ya mwanzo, kukatika kwa waya kulikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kumrudisha mgonjwa katika chumba cha upasuaji.

Chuma cha kawaida kisichoshika kutu hakikufaa kwa muda mrefu. Wahandisi waliishia kwenye aloi iitwayo MP35N, jina linalosikika kama la bunduki, lakini maana yake si ya kutisha: asilimia 35 ni nikeli, asilimia 35 kobalti, asilimia 20 kromiamu na asilimia 10 molibdenamu. Aloi hii ina nguvu kubwa, haiozi katika maji ya chumvi ya mwili, na huvumilia kuinamishwa kuliko metali nyingi. Upungufu wake ni kwamba haipitishi umeme vizuri. Ndiyo maana katika nyaya nyingi uzi wa aloi hutengenezwa ukiwa na moyo wa fedha ndani yake: fedha hupitisha umeme, aloi hubeba mzigo wa kuinama.

Utengenezaji wake unafanana kwa mbali na kazi ya sonara wa Pwani anayevuta uzi wa fedha katika bamba lenye matundu. Fimbo ya aloi hupitishwa katika tundu la almasi lililo dogo kidogo kuliko yenyewe, ikarefuka na kuwa nyembamba, ikapitishwa katika tundu dogo zaidi, na kuendelea hivyo mara nyingi, huku katikati ikipashwa moto ili isiwe kavu na kuvunjika. Mwishoni hubaki uzi unaopimwa kwa sehemu za elfu moja za milimeta. Katika unene huo, punje moja ya uchafu ndani ya metali, isiyoonekana kwa macho, huwa ni kama jiwe ndani ya kamba. Ilibainika kwamba punje za nitridi ya titaniamu zilizobaki katika MP35N ndizo zilizokuwa chanzo cha nyufa nyingi, na viwanda vikaanza kuyeyusha aloi yenye titaniamu kidogo zaidi. Kazi ya aina hiyo hufanywa na kampuni chache duniani, kama Fort Wayne Metals ya Indiana, Marekani, na Heraeus ya Ujerumani.

Uzi huo haunyooshwi tu ukaachwa. Husokotwa kuwa springi ndefu yenye tundu katikati, kwa sababu springi ikiinama, kila sehemu ya uzi hujipinda kidogo sana. Katika nyaya za vifaa vya kushtua moyo, vinavyobeba umeme mkubwa zaidi, hutumika pia nyuzi nyingi zilizosukwa pamoja kama kamba.

Ncha na ala

Mwisho wa waya kuna elektrodi, yaani ncha inayougusa moyo. Hapa kobalti haina nafasi. Mwanafunzi wa sekondari aliyewahi kutumbukiza nyaya mbili za betri katika maji ya chumvi anakumbuka kilichotokea: mapovu upande mmoja, na upande wa pili waya ukaanza kuliwa. Ndani ya mwili, mapovu na metali iliyoyeyuka ni sumu. Kwa sababu hiyo ncha hutengenezwa kwa platinamu iliyochanganywa na iridiamu kidogo ili iwe ngumu. Metali hizo hupitisha umeme katika maji ya chumvi bila kuliwa, mradi kipimo cha umeme kisizidi na kila msukumo ufuatwe na wa kinyume chake unaorudisha chaji mahali pake.

Ncha ikiwa kubwa hula betri, ikiwa ndogo haisikii vizuri umeme wa moyo. Ufumbuzi ulikuwa kuiacha ndogo kwa umbo lakini kuipaka utando wenye mikunjo na vishimo visivyoonekana, kwa mfano wa nitridi ya titaniamu au oksidi ya iridiamu, hata eneo lake halisi likawa kubwa mara nyingi kuliko linavyoonekana. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukaja ubunifu mwingine: kuweka nyuma ya ncha dawa kidogo ya deksamethasoni inayotoka polepole na kuzuia kovu nene lisiote pale waya unapogusa nyama. Kovu likiwa jembamba, umeme mdogo unatosha, na betri hudumu. Ni dawa ile ile iliyopata umaarufu wakati wa Uviko-19 mwaka 2020.

Ala inayoufunika waya ndiyo iliyotoa funzo kali kuliko yote. Silikoni ni laini na mwili huikubali, lakini huchanika na kusagika. Poliyurethani ni imara zaidi na huruhusu waya mwembamba, hivyo miaka ya 1970 na 1980 wengi waliikimbilia. Baada ya miaka michache ala za baadhi ya nyaya hizo zilianza kupasuka, na uchunguzi ukaonyesha kwamba mojawapo ya sababu ilikuwa ndani ya waya wenyewe. Kobalti iliyomo katika aloi ilikuwa ikichochea kuoza kwa plastiki kutoka upande wa ndani. Metali iliyochaguliwa kwa uimara wake ilikuwa inaila nguo yake. Hakuna kipimo cha haraka cha maabara kilichoweza kuligundua hilo mapema. Liligunduliwa katika miili ya watu.

Nani ataandikiwa barua?

Oktoba 2007, kampuni ya Medtronic ya Marekani ilisitisha uuzaji wa waya wake wa kifaa cha kushtua moyo uitwao Sprint Fidelis. Ulikuwa mwembamba kuliko uliotangulia, na madaktari waliupenda kwa sababu ulipita kirahisi katika mshipa. Ulikuwa ukikatika kuliko ilivyotarajiwa. Waya uliokatika ungeweza kumpiga mgonjwa shoti bila sababu, au kushindwa kumwokoa pale moyo unaposimama. Wakati uamuzi huo unatolewa, nyaya zipatazo 268,000 zilikuwa zimekwishawekwa kwa wagonjwa duniani kote. Miaka minne baadaye, mwishoni mwa 2011, mamlaka ya dawa ya Marekani iliipa daraja la juu la hatari kasoro ya waya wa Riata wa kampuni ya St. Jude Medical, ambao nyuzi zake zilikuwa zikikereza ala ya silikoni kutoka ndani hadi kutokea nje.

Katika nchi zenye daftari la vifaa vilivyopandikizwa, hatua iliyofuata ilikuwa kazi ya ukarani: kutafuta namba za nyaya, kupata majina, kuandika barua, kuita wagonjwa wapimwe. Haikuwa kazi rahisi hata huko. Lakini ilikuwapo orodha ya kuanzia.

Jambo hilo ndilo linalostahili kuwasumbua wasomaji wa mijini, ambao wazazi wao wengi wako katika umri wa kuhitaji kifaa hiki. Mgonjwa aliyewekewa waya Dar es Salaam hurudi kwake. Akiwa wa Mlandege, miezi sita baadaye anaweza kuwa amehamia kwa mwanaye Mbeya, au amerudi shamba Kilolo. Namba ya simu aliyoiacha hospitalini pengine ilikuwa ya mjukuu, na mjukuu amebadilisha laini. Hospitali inaweza kutunza kumbukumbu zake vizuri kabisa na bado isimpate. Zaidi ya hapo, kifaa kinaweza kuwekwa Dar es Salaam, Dodoma, Nairobi au India, kila mahali kukiwa na kumbukumbu zake, ilhali onyo la kiwandani halibagui.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyopata jina hilo na majukumu yake ya sasa mwaka 2019 baada ya masuala ya chakula kuhamishiwa Shirika la Viwango, ndiyo yenye dhamana ya usalama wa vifaa hivi nchini. Kusajili kifaa kabla hakijaingia sokoni ni hatua ya kwanza, na ni ya lazima. Hatua ya pili ni daftari la kitaifa linaloonyesha waya wenye namba fulani uko katika kifua cha nani. Dawa mbaya huondolewa kwenye rafu za maduka na Bohari ya Dawa ikamaliza kazi yake kwa kukusanya makasha. Waya mbovu uko ndani ya mtu, na mtu huyo asipojulikana, tangazo la kuuondoa sokoni halimsaidii chochote.

Hadi hapo kutakapokuwa na daftari la aina hiyo, kinachobaki ni kadi. Kila anayewekewa kifaa hupewa kadi yenye jina la mtengenezaji, aina na namba ya kasha, pamoja na aina na namba ya kila waya. Kadi hiyo ndiyo itakayomwambia daktari kama mgonjwa anaweza kuingizwa katika mashine ya MRI, kwa kuwa kasha linaweza kuwa la kisasa huku waya ukiwa wa zamani usioruhusiwa. Familia nyingi huihifadhi pamoja na vyeti vya kuzaliwa, sandukuni, mahali ambapo mgonjwa akizimia barabarani haitamfaa kitu. Ingekuwa vyema ikakaa mfukoni, na nakala yake ikawa katika simu za watoto.

Kasha la marehemu, waya mpya

Utafiti wa hali ya huduma za mapigo ya moyo barani Afrika uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kiwango cha kati cha uwekaji wa vifaa hivi kilikuwa chini ya watu watatu kwa kila milioni moja kwa mwaka, takriban mara 200 chini ya Ulaya. Mioyo ya Waafrika haina afya mara 200 kuliko ya Wazungu. Tofauti hiyo ni ya fedha, vifaa na wataalamu.

Mojawapo ya njia zilizojaribiwa kupunguza pengo hilo ni kutumia tena makasha yaliyotolewa kwa marehemu, kwa ridhaa ya familia, yakasafishwa, yakapimwa na kutakaswa. Wapo watakaoshtuka, na mshtuko huo unaeleweka. Ushahidi hata hivyo haujauunga mkono. Utafiti wa Canada uliochapishwa mwaka 2020, uliofuatilia zaidi ya wagonjwa 1,000 wa Mexico na nchi jirani waliopewa makasha ya aina hiyo, ulikuta maambukizi au vifo vinavyohusiana na kifaa kwa asilimia 2 yao, dhidi ya asilimia 1.2 kwa waliopewa vifaa vipya Canada, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa ya kutegemewa. Mradi wa Chuo Kikuu cha Michigan, uliowahusisha wagonjwa wa nchi saba, Kenya ikiwa mojawapo, ulitoa matokeo yake Novemba 2024 na kuonyesha kwamba katika siku 90 za kwanza makasha yaliyotumika tena hayakuwa duni kuliko mapya.

Mjadala wa miradi hiyo mara nyingi hulipita jambo moja upesi: waya hautumiki tena. Lazima uwe mpya. Uliokwishainama mamilioni ya mara hakuna awezaye kuapa umebakiza mara ngapi, na kuusafisha ndani ya springi yake ni vigumu. Kwa hiyo hata betri ikipatikana bure, waya utanunuliwa. Wanaopanga misaada ya aina hii kwa Tanzania wangefanya vyema kuanza hesabu yao kwenye waya badala ya betri.

Kuna vifaa vidogo visivyo na waya kabisa, vinavyowekwa chote kwa pamoja ndani ya moyo. Cha kwanza kuenea, kiitwacho Micra, kina urefu usiozidi milimeta 26 na kiliidhinishwa Marekani mwaka 2016. Kinaondoa tatizo la waya, kwa bei ambayo kwa sasa inakifanya kisiwe jibu kwa hospitali za umma za Afrika Mashariki.

Uzi wa sikioni

Suala hili halihusu moyo peke yake. Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kupandikiza vifaa vya kusikia kwa watoto waliozaliwa viziwi, huduma iliyokuwa ikifuatwa India kwa gharama kubwa. Ndani ya kifaa hicho kuna uzi wa silikoni wenye vibamba vya platinamu, 12 kwa baadhi ya watengenezaji na 22 kwa wengine, ambao huingizwa katika koklea, sehemu ya ndani ya sikio iliyojikunja kama kombe la konokono. Kila kibamba kina waya wake wa platinamu na iridiamu, mwembamba kuliko unywele, uliokunjwa mawimbi ili uvumilie kuinama. Kwa miaka mingi kazi ya kuviunganisha imefanywa kwa mikono chini ya hadubini, na mafundi waliopata mafunzo ya muda mrefu. Mashine hazijawaondoa kabisa.

Waya wa ndani kwa kawaida hudumu. Unaosumbua ni wa nje, ule mfupi unaotoka katika kisikizi kilicho nyuma ya sikio hadi kwenye sumaku inayoshika kichwani. Huo huvutwa na mtoto akicheza, hulowa jasho, hukunjwa wakati wa kulala. Ukikatika, mtoto anarudi kwenye ukimya siku hiyo hiyo, na kifaa chote cha mamilioni ya shilingi kinasimama kwa kukosa kipande cha waya. Mzazi anayeishi Upanga hufika Muhimbili kwa miguu. Mzazi anayeishi Mlandege lazima apange safari, na mtoto aliye katika umri wa kujifunza kusema hana wiki za kupoteza.

Ni haki pia kusema kwamba kifaa si njia pekee ya kuishi na uziwi. Mji wa Iringa una ushahidi wake: Neema Crafts, kituo kilichoanzishwa mwaka 2003 na Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kimeajiri viziwi na watu wengine wenye ulemavu kwa miaka zaidi ya 20, na lugha ya alama huko ni lugha ya kazi. Lakini familia iliyokwishachagua kifaa, na kulipia au kulipiwa, haipaswi kushindwa kwa sababu ya waya wa nje.

Madini ni yetu, waya si wetu

Katika mijadala ya uchumi hapa nchini huwa haipiti muda kabla mtu hajauliza kwa nini Afrika inauza mawe na kununua mashine. Kwa suala hili swali hilo lina mashiko yake. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Kongo, na sehemu kubwa husafishwa China. Afrika Kusini ndiyo mzalishaji mkuu wa platinamu na iridiamu. Tantalamu, inayotumika katika sehemu kadhaa za vifaa vya elektroniki vikiwamo vya tiba, huchimbwa Rubaya, Kivu Kaskazini, eneo lililotekwa na waasi wa M23 mwaka 2024. Tanzania yenyewe ina nikeli na kobalti ya Kabanga, Ngara, ambako Serikali ina hisa asilimia 16 kupitia makubaliano ya Januari 2021, na mpango wa kusafishia madini hayo Kahama umetangazwa.

Kutoka hapo hadi kusema tutengeneze nyaya za moyo ni kuruka hatua nyingi. Madini yaliyomo katika waya mmoja ni gramu chache. Lori moja linalopita Ipogolo lina kobalti ya kutosheleza wagonjwa wasiohesabika. Thamani ya waya haimo katika kobalti. Imo katika usafi wa aloi, katika tundu la almasi, katika miaka ya kuinamisha sampuli kwenye mashine usiku na mchana, katika karatasi zinazoonyesha kila hatua ilifanywa na nani, na katika fedha za kulipa fidia mambo yakiharibika. Kongo iliposimamisha uuzaji wa kobalti nje Februari 2025 na kuanza kutoa mgawo Oktoba mwaka huo, ilikusudia kupandisha bei ya madini, na ilifanikiwa. Uamuzi huo haukusogeza kiwanda hata kimoja cha nyaya hizi karibu na Kolwezi.

Lililo ndani ya uwezo, na ambalo halihitaji mgodi, ni upande wa matunzo. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam inafundisha mafundi wa vifaa tiba. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kipo katika Nyanda za Juu Kusini zenyewe. Fundi aliyefundishwa vizuri anaweza kuupima waya wa moyo bila kumgusa mgonjwa kwa kisu: huweka kichwa cha mashine juu ya kifua, na mashine ikasoma ukinzani wa waya kwa omu. Ukinzani ukipanda ghafla, uzi umekatika au unakaribia. Ukishuka ghafla, ala imepasuka na umeme unavuja. Hakuna siri kubwa, na kazi huchukua dakika chache.

Kikwazo ni mashine yenyewe, kwa kuwa kila mtengenezaji ana yake, na ya kampuni moja haisomi kifaa cha nyingine. Hospitali ya mkoa inayotaka kuwahudumia wagonjwa wote wa eneo lake lazima iwe na mashine kadhaa, au Serikali iamue kununua vifaa vya watengenezaji wachache tu na kuwabana watoe mashine hizo kama sehemu ya mkataba wa zabuni. Njia hiyo ya pili ni nafuu, na inahitaji zaidi msimamo kuliko fedha. Madaktari wa Taasisi ya Moyo wamekuwa wakitembelea mikoa kwa mpango wa tiba mkoba, na mashine hizo ni ndogo kiasi cha kuingia katika begi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inafungua nafasi ya kuyaweka haya kwenye maandishi. Itakapokuwa inafafanuliwa nani analipiwa nini, ni muhimu ikaandikwa kwamba kuwekewa kifaa hakuishii siku ya upasuaji: vipimo vya waya, kubadilisha kasha baada ya miaka kumi, na waya wa nje wa mtoto wa sikio, vyote ni sehemu ya tiba ile ile. Kwa sasa mgonjwa wa Mlandege ambaye kipimo chake kiko Dar es Salaam hupanda basi alfajiri, hulala kwa ndugu au katika nyumba ya wageni, na kurejea siku inayofuata. Kilometa takriban 1,000 kwenda na kurudi, kwa ajili ya namba moja inayosomwa kwa dakika chache.